Sapraizi Waliyonipangia

Ulikuwa ule mwaka unga ulipopanda bei hata tukala viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni, harufu yake ikaingia mpaka kwenye mapazia. Mtaa wetu wote wa Kaloleni ulinuka hivyo. Na ndio mwaka binti yangu alipoanza kunyamaza nikiingia.

Nikitoka nje, yeye na wanawe wananong'ona. Nikirudi, wanaongea habari za mvua. Mimi si mtoto. Siku moja nikalidaka neno: sapraizi.

Nikamshika mjukuu wangu, yule aliyefika chuo kikuu kwa mandazi niliyouza. "Sapraizi ni nini?"

"Ni jambo zuri unalofanyiwa bila kujua, kukhu," akasema, kwa kuwa bibi kwetu ni kukhu.

"Mazuri hubisha hodi. Yanayokuja bila kujulikana ni mabaya. Hebu uliza simu yako, hilo neno limetoka wapi."

Akabonyeza, akasoma, akaanza kucheka. "Waingereza walilitoa kwa Wafaransa. Zamani lilimaanisha kumvamia mtu na kumkamata kabla hajajiandaa."

Yeye alicheka. Mimi nikakumbuka askari waliokuwa wakipiga mlango wetu teke alfajiri, wakitafuta chang'aa, ile pombe iliyopigwa marufuku. Sapraizi ninayoijua ni hiyo. Tangu hapo nikawa nalala na ufunguo wa mlango ndani ya sidiria.

Jumapili, nikitoka kanisani, nikakuta begi limesimama mlangoni. Nikalifungua. Blanketi langu zito, sufuria yangu ya ugali, na mwiko wake. Nikaketi juu ya begi.

"Sherehe gani hii ninayoiendea na mwiko?"

Binti yangu akatazama chini. "Tumekujengea nyumba ushago, kule kijijini, mama. Bati la buluu, karibu na kaburi la baba. Hapa watoto watapata pa kulala. Tulitaka iwe sapraizi."

Nyumba ni nzuri, sikatai. Hata bati la buluu nalipenda. Wanawake wenzangu wa kijiji kile watakosa usingizi kwa wivu. Lakini anayehamishwa ni mimi, na kati ya wote waliojua, mpaka dereva, mimi ndiye sikuulizwa.

"Sihami bila kuulizwa."

"Mama, gari liko nje. Dereva anangoja."

"Mpe kiazi."

Mjukuu akacheka, mama yake akamkata jicho. "Sasa watu wa nyumbani tuwaambie nini? Wameshachinja kuku."

"Waambie ni sapraizi," nikasema. "Sihami bila kuulizwa."