Mwingereza Aliyekufa Kwanza

Leo asubuhi nilitoka Buguruni bila mpango, miguu ikanifikisha Kariakoo. Kwa fundi mmoja nikanusa mkanda wa video uliopata moto, nikakumbuka kibanda cha video cha utotoni, ambako mtafsiri alitugeuzia filamu kwa Kiswahili huku tukitazama.

Wiki moja alituonyesha filamu za mwigizaji mmoja Mwingereza. Katika ya kwanza alikuwa kikongwe, akafa. Kesho yake alikuwa mama wa makamo. Siku ya tatu alikuwa binti, anapanda ngazi mbio.

Nyumbani bibi yangu alikuwa hoi kitandani. Nikamfuata mtafsiri.

"Shikamoo. Yule mama anatumia dawa gani kurudi ujanani?"

"Steringi wa filamu hafi, wewe mtoto!" mtazamaji mmoja akadakia, watu wakacheka.

Mtafsiri hakucheka. "Marahaba. Dawa hakuna. Nimeanza na filamu zake za mwisho. Yule aliigiza tangu binti mpaka akazeeka."

Nilirudi mikono mitupu. "Bibi, na wewe ulikuwa binti? Ulipanda ngazi mbio?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ngazi? Mimi nilikuwa napanda minazi!"

Nikakaa nikiitazama miguu yake chini ya kanga, mpaka akalala.