Nyumba Isiyotwanga

Mtaa mzima ulimwita Mzee Nyata, na jina hilo alilitolea jasho. Nyumba yake ilipakana ukuta kwa ukuta na chumba cha mashine ya kupima matetemeko ya ardhi, aliyoitunza tangu ujana, na mashine ile ilikuwa na masikio makali kuliko ya mama mkwe. Mtoto akiruka kamba uani, sindano yake inachora kwenye karatasi. Basi wanawe walikua bila kuijua kamba, na marehemu mkewe alitwanga kwa jirani miaka yote ya ndoa.

"Wenzangu mke mwenza wao mtu," alikuwa akilalamika, kinu kichwani. "Wangu chuma!"

Siku hizo zilikuwa tamu, jamani. Kila asubuhi mzee alivua viatu, akaingia kunyatanyata kubadilisha karatasi, na mkewe akamngoja mlangoni aambiwe dunia imelalaje. Karatasi hizo ndizo zilizowaonyesha wataalamu mahali ardhi ilipokuwa ikichezacheza, shule iliyokuwa hapo ikahamishwa mapema. Tetemeko kubwa lilipokuja, lilipasua kiwanja kitupu. Mkewe alitamba wiki nzima utadhani sindano aliishika yeye.

Kisha mji ukakua. Malori yakaja, vinu vya kusaga vikaja, na vitetemeko vidogo, vile vinavyosema mwamba unavunjikia wapi, vikazama katika kelele. Ndipo mtaalamu, binti mmoja mwenye adabu zake, alipoleta habari kwamba mashine inahamia mlimani.

"Shikamoo baba. Twende wote," alisema, wameketi kando ya mashine. "Chumba cha mlinzi kipo. Nani ataitunza kama wewe?"

Moyo wa mzee uliruka kwa furaha. Tangu afiwe, mashine ile ndiyo aliyobaki kuipigia soga za asubuhi. Ikiondoka, ataongea na kuta. Akashika fimbo, akainuka kwenda kufunga mizigo.

Sindano ikaruka. Fimbo, mguu, kisha ule wa goti bovu unaoburutwa. Akasimama, ikatulia. Akapiga hatua, ikaruka tena. Binti wa watu akajifanya anatazama dirishani.

"Mwanangu," mzee alisema, "tafuta mwenye miguu mizima."

"Lakini baba, tutakuzoea tu."

"Nyinyi mtanizoea. Yenyewe haizoei." Akaupapasa mfuniko wa mashine. "Mnaikimbizia kimya huko. Kelele ya kwanza isiwe mimi."