Fanusi Mbili za Bi Zuwena

Haya nnayoyaandika sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, vumbi la kiwanja kile lilikuwa miguuni mwangu, na wengi walionicheka baadaye walikuwepo vilevile. Kama nnaongopa, basi waje waniambie ile pasi nilipewa na nani.

Sisi ni watoto wa Unguja. Tulipofika Maskati na wazee wetu tulikuja na masanduku machache, na Ami Nasor, aliyekuwa akicheza hoki huko nyumbani, akaja na magongo yake kayafunga ndani ya mkeka. Ndiye aliyetufundisha. Tukikaa Matrah, tukicheza Darsait, pale penye ardhi ngumu chini ya mlima. Wenyeji wakituita watoto wa Zinjibari na kukicheka Kiarabu chetu. Mimi sikujali sana. Kila nikilala nilijiona nnafunga goli na Matrah nzima inanijua. Lakini tulikuwa kumi tu, na hoki inataka watu kumi na mmoja.

Basi akaja wa kumi na moja.

Alikuja alasiri moja kutoka upande wa mlimani, ambako hakuna nyumba hata moja. Kijana mrefu, nyusi ya kushoto imekatwa katikati na kovu. Gongo lake alilichonga kwa shina la kuti la mtende, lile linalojipinda lenyewe, nalo lilikuwa bichi. Wiki ya kwanza bichi, wiki ya tatu bichi, kama limekatwa asubuhi ile. Tulipomuuliza jina alitabasamu akaashiria mpira. Tukamwita Kumi na Moja.

Uchezaji wake ulikuwa raha kuutazama, niamini. Ila maji yetu hakuyanywa hata siku moja, na jua la Maskati unalijua. Jasho hana. Na kila adhana ya magharibi ikilia, tukigeuka kutandika mkeka, tukimtafuta hayupo.

Sefu, golikipa wetu, alishikilia kwamba ni jasusi wa timu ya Ruwi. Siku moja akamfuata. Alirudi peke yake. Nilipombana sana akaniambia, "Kule hakuna njia, yakhe. Ni jabali tupu. Sasa kapita wapi?" Tangu hapo tukawa tunampa mpira huku tunamtazama kwa pembe ya jicho. Ami Nasor akasema tuache kumchunguza mtu anayetujazia timu, maana Ijumaa tunacheza na Ruwi.

Fulana zetu zikishonwa na Bi Zuwena, jirani yetu, mjane aliyehamia Maskati miaka mingi kabla yetu. Nilikwenda kumwambia aongeze moja, ya huyu mgeni wetu. Akaniuliza mwenyewe yukoje. Nikamweleza urefu, mabega, ile nyusi. Cherehani ikasimama.

"Akisubiri mpira husimama vipi?"

Nikasema husimama mguu mmoja, gongo kaliweka nyuma ya shingo, mikono kaining'iniza juu yake.

Bi Zuwena akashika meza. Alikuwa na mwana mmoja, Hilali, aliyekufa kwa homa miaka miwili nyuma, sisi hatujafika bado Maskati. Mtaa mzima ulimzika. Ila nguo zake mama hakuzigawa mpaka leo, na mimi nilidhani ni majonzi tu. Kumbe alikuwa akisubiri. Akanieleza jambo ambalo wenyeji wa hapa wote wanalijua, sisi wa kuja ndio hatulijui: wapo watu wanaofichwa na wachawi. Mnazika kitu mnachodhani ni yeye, kumbe mwenyewe yu hai, anatumikishwa huko majabalini. Huyo wanamwita mghayabu.

"Anarudi?" nikauliza.

"Anarudi akiitwa jina na aliyemzaa, Ijumaa jua likikaribia kuzama. Akitangulia kumwita mtu mwengine, wanaomshika wanasikia, wanamvuta moja kwa moja. Mwanangu, nnakuomba. Mpaka nifike mie, mwiteni hivyohivyo."

Niliahidi. Moyo ukiniambia mama wa watu uchungu umemzidi akili. Moyo uleule ukiniambia, na ile nyusi je? Siku tatu sikulala vizuri. Nikimtazama Kumi na Moja nnatafuta maiti, nnamuona kijana anayecheka. Na lile jina likawa halitoki ulimini.

Ijumaa kiwanja kilijaa. Tulifungana goli moja kwa moja, jua limeshakaribia jabali. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Ami Nasor ana mafunzo yake: uwanjani usipige kelele "hapa, hapa", kila mtu yuko hapa. Mwite jina mwenye mpira. Tangu Unguja tumezoea hivyo, mdomo unafanya wenyewe.

Kumi na Moja akawapita wawili. Mimi niko peke yangu mbele ya goli. Na nilimuona Bi Zuwena, wallahi nilimuona, anakuja mbio kwenye njia ya Matrah, buibui linapepea, mkononi fanusi mbili. Nilimuona kabla sijafungua mdomo. Hilo ndilo linaloniuma.

"Hilali, nipe!"

Akageuka. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini akakuta nyumba si yake. Akanipa mpira, mzuri, mpaka gongoni. Nikapiga. Vumbi likapanda, wenzangu wakanirukia, na lilipotua hayupo. Gongo lake lilikuwa chini, kavu, limepasukapasuka kama la miaka.

Vijana wa Ruwi wakagoma. Wakaapa kwamba tangu mwanzo tulikuwa kumi, na mpira ulinijia wenyewe. Hata goli langu halikuhesabiwa.

Bi Zuwena akafika kwenye mstari, anahema. Akauliza jambo moja tu.

"Nani kamwita?"

"Mie, bibi."

Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Aliokota lile gongo, akakaa chini, akawasha fanusi zote mbili na mwanga ungalipo. Siku zile ukikutwa nje baada ya mzinga wa usiku bila fanusi, askari wanakukamata. Alileta ya pili kwa ajili ya mwanawe. Nilitaka nimchukulie moja, akasema, "Hiyo ina mwenyewe." Akatembea hivyo mpaka Matrah, moja chini kwake, nyengine kainyanyua pembeni, usawa wa mkono wa kijana mrefu.

Sasa amri ya fanusi imeondoka, milango ya mji haifungwi tena usiku, na watu wamefurahi na mimi nimefurahi nao. Bi Zuwena bado anatoka na mbili. Watoto wanamcheka. Mimi hoki nnacheza, na ndoto zangu nnaota kama kawaida, ila uwanjani siiti jina la mtu. Nnapiga mluzi.

Na wewe unayesoma, akija mgeni katikati yenu asitaje jina, mwachieni. Na kama jina lake unalijua, lizuie, hata kama mbele yako kuna goli tupu. Mama yake huenda yuko njiani. Bi Zuwena alikuwa amebakisha hatua kama thelathini.