Watoto Wanne wa Mzee Mangeni

Hebu mwone Taaka anavyofika. Ni saa tisa mchana, soko la Busia limechangamka, na mwanamke wa miaka thelathini na miwili anashuka kwenye bodaboda, amevaa gomesi ya zambarau, mkanda unaburutika vumbini, viatu mkononi. Leo ni kwanjula yake, siku ya mchumba kujulishwa kwa wazazi. Na mwenye sherehe ametoroka.

Madina, anayefuma naye masweta ya shule kwenye baraza moja mwaka wa tisa sasa, hakwenda Dabani kwenye sherehe kwa sababu mguu wake umeteguka. Akasimamisha mashine.

“Mdogo wangu, wageni wameshaondoka?”

“Wapo. Samahani.”

“Samahani ya nini?”

“Ya kukusumbua.”

Ndivyo alivyo Taaka. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Mteja akisifu sweta, akigeuka tu, Taaka analifumua mkono mmoja kutafuta kosa. Kuna wiki chakula hakipiti, kifua kinambana, wanampima malaria na hawaoni kitu.

Tupande kidogo mpaka Dabani, kwa baba yake. Mzee Mangeni hakumpiga Taaka hata siku moja. Jirani yeyote atakuapia. Lakini mgeni akiuliza, “Mzee, una watoto wangapi?” alijibu, “Wanne.”

Walikuwa watano. Taaka, wa tatu kuzaliwa, amesimama pale pale na birika, anamnawisha mgeni mikono.

“Na huyu?”

“Huyu yupo tu.”

Wakacheka, wakala. Kwa nini yeye? Hakuna aliyewahi kumwambia. Akaanza kujichunguza mwenyewe, mtoto wa miaka saba: labda ni sauti yangu, labda ni ninavyotembea.

Baadaye sana akaja Ofumbi, huyu mchumba, mwalimu wa Mukuju, mtu mpole. Miaka mitatu alimwambia anampenda, na miaka mitatu Taaka alingoja siku atakapozinduka na kuondoka.

Sasa, kwanjula ina mchezo wake, unajua. Wageni wanasema wamekuja kutafuta msichana, wenye nyumba wanakana kwamba yupo, ndipo wageni wabembeleze. Bila huo mchezo watu wanarudi makwao wakinung’unika. Taaka alikuwa chumbani na shangazi yake, ameshapambwa, anasikiliza spika kupitia dirisha. Msemaji wa ukoo akamgeukia baba mtu.

“Mzee, hawa watu wa Mukuju wanamtaka Taaka. Unaye hapa?”

Mzee Mangeni akashika kipaza sauti. “Mimi nina watoto wanne. Huyo simjui.”

Hema zima likaangua kicheko. Hata shangazi alicheka, huku akimkaza mkanda.

“Naenda chooni,” Taaka akasema. Akapita migombani, akatokea barabarani.

Basi wakiwa pale barazani, Ofumbi naye akafika, jasho linamtiririka.

“Taaka, mzee alikuwa anacheza. Kila nyumba wanacheza hivyo.”

“Najua. Kichwa kinajua.”

“Wazee wangu bado wamekaa. Turudi, mama.”

“Mchukueni Phiona, mdogo wangu. Yeye amehesabiwa.”

“Kwani hili ni duka la unga,” Madina akasema, “ukikosa huu unafungiwa ule?”

Hakuna aliyecheka. Ofumbi akaketi sakafuni na suti yake, miguuni pa Taaka. Simu yake ikaita. Alipoona ni mkwewe akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

“Ofumbi,” ilisema sauti ya Mzee Mangeni, na nyuma yake watu wakiongea na ngoma zikijaribiwa. “Mwambie binti yangu arudi nyumbani.”

Binti yangu. Taaka alilikaribia lile neno kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini. Madina akamshika goti.

“Amesema hivyo,” Taaka akauliza polepole, “kwa sababu wageni wanasikiliza?”

Ofumbi alimtazama Madina, Madina akatazama mashine. Wewe uliyekaa nao hapo barazani, ungemjibu nini?