Ekipe Yenye Ilivalia Jikoni Kwangu

Jiko langu njo lilikuwa vestiere, chumba cha kuvalia cha ekipe ya mupira ya iniversite. Batu ba leo habaamini. Banaona kiwanja chenye ukuta, banaona makombe katika kabati ya bureau ya mukubwa wao, banafikiri mambo ilianza hivyo. Hapana. Ilianza Butembo, nyuma ya nyumba yangu, kati ya mafiga na rundo la kuni za mikaratusi, sababu kiwanja chenye balipewa kilikuwa pale tu kando ya uzio wangu, na hakikuwa hata na kibanda. Bavulana batatu bakapiga hodi.

"Mama, tunaweza kuvalia kwako? Kule inje mabinti ba sokoni banatucheka."

Nikabaambia baingie, mais mutu asiguse sufuria.

Mi sikusoma mingi. Nilifika mwaka wa tatu wa primere, baba akasema inatosha. Mais majina ya bale bavulana niko nayo yote kichwani, toka wa kwanza kabisa mpaka bale ba mwisho bwana yangu alibeba katika kamio yake, lori ya magunia. Sitaandika hata moja. Wengine beko bazima na habapendi maneno, wengine sikuuliza familia zao.

Na hata ningeandika, mungepotea. Kwetu Banande jina linamungojea mutoto mbele azaliwe. Muvulana wa kwanza eko na lake, wa pili eko na lake, wa tatu hivyo hivyo, katika kila nyumba, ya kanisa na ya musikiti kama yetu. Sasa ekipe ile ilijaa bavulana ba pili. Entrenere, mwalimu wao wa mupira, akiita lile jina kiwanjani, nusu ya ekipe inageuza kichwa na mupira unapita. Mwisho tukaanza kubaita kwa kwao. Huyu Kipese, yule Kamango, mwingine Musienene. Mutu akawa kijiji chake.

Miaka ya kwanza balipigwa na kila mutu. Balipigwa na bafundi ba pikipiki, balipigwa na bauza mbao. Siku moja balirudi jikoni vichwa chini, nikabauliza, "Kule nyinyi munasoma nini?"

"Sheria, mama."

"Basi mubashitaki, juu mupira hamuwezi."

Bakacheka, mais kapiteni hakucheka. Alikuwa wa Musienene, mutu wa maneno kidogo. Kesho yake asubuhi alikuja na entrenere, bakaomba bidoni zangu zote za maji. Bakazigawia bavulana, bakakimbia nazo mpaka chini kwenye chemchemi, bakapanda kilima zikiwa zimejaa. Bakafanya vile kila asubuhi, mvua na jua. Mi nilipata maji, bao bakapata miguu. Baada ya hapo, ekipe ya kucheza nao mpaka mwisho bila kulala chini, sikuiona tena. Bakaanza kuleta makombe. La kwanza liliwekwa juu ya gunia langu la maharage, na jirani bote bakapita kuliangalia kama mutoto muchanga.

Kisha rebelio, vita ya waasi, ikafika. Leo beko hawa, kesho beko wale, kila mwenye bunduki na bariere yake barabarani. Baprofesere wengine bakakimbilia Uganda. Ekipe haikukimbia. Sitasema balikuwa bashujaa. Balikuwa vijana, na kama habachezi bangefanya nini? Mais miaka ile yote ya vita, wakati kila mutu alichukua kitu chetu, kombe hawakutuchukulia.

Sasa munisikie vizuri, juu ya hii siku njo ninaandika.

Finali ilikuwa Beni. Ekipe ya kule ilikuwa na kamanda mumoja nyuma yake, mukubwa wa basoda, mutu wa mbali, si wa kwetu. Alipenda ile ekipe kama mutu anapenda gari yake. Tukaondoka mapema na kamio ya bwana yangu, bavulana nyuma juu ya magunia, mi pia nyuma pamoja na sufuria zangu, juu sikukubali bakule chakula cha batu siwajui siku ya finali.

Kwenye bariere mbele ya kuingia Beni, musoda akatusimamisha. Akazunguka kamio, akaangalia juu.

"Yule mwenye kutia mabao, eko wapi?" Akataja jina. Lilikuwa lile la muvulana wa pili. "Kamanda anamutaka. Atamukalisha kidogo, match ikiisha atamurudisha."

Bavulana bakaangaliana. Kisha, juu kila mutu akiitwa anaitika, bote ba jina lile bakasimama. Si kwa kumucheka. Lilikuwa jina lao. Nusu ya kamio ilikuwa wima.

"Munanichezea?" musoda akauliza, na akashusha bunduki toka begani.

Mwenye kutia mabao alikuwa Kamango. Mufupi, mwembamba, na viatu vya plastiki, wakati ule alinishikia sufuria ya maharage isimwagike. Kando yake alisimama Kipese, golikipa wa tatu. Mutu mukubwa kama mulango, mwenye viatu vipya kuliko vyote, sababu havikuwa vimecheza. Toka afike iniversite hakuwa amechezeshwa hata match moja. Alibeba mifuko ya mipira na alikuwa mwenye kubapigia mashuti asubuhi.

Musoda akamupima kwa macho, viatu mpaka kichwa. "Ni huyu."

Kamango akafungua kinywa. Kipese akamuambia kwa Kinande, polepole, bila kumuangalia, "Shika sufuria ya mama." Na akaruka chini. Bakamupandisha nyuma ya pikipiki, mumoja mbele, mumoja nyuma yake na bunduki. Bakaenda.

Wakati ule batu balikuwa banachukuliwa hivyo na habarudi. Kila mutu katika kamio alijua.

Tulipofika kiwanjani hakuna mwenye alikula. Entrenere akasema kwa sauti ya chini, "Musikilize. Balichukua mutu asiyecheza. Kamango eko hapa. Tukicheza, tutabapiga, kisha tutamudai." Alisema kweli, kwa akili ya mupira.

Kamango akasema, "Na kama tunabapiga, kamanda akakasirika, eko na nani mukononi mwake?"

"Na musipocheza, kombe litabaki hapa."

"Libaki," kapiteni akasema.

Bakavaa. Bakaingia kiwanjani kwa mustari, kifua mbele, batu ba Beni bakapiga makelele. Kisha wote kumi na mumoja bakaikaa katikati, kwenye majani, kama batu banangojea kamio. Arbitre akapuliza filimbi. Bakaendelea kuikaa. Kapiteni akatembea peke yake mpaka mbele ya kamanda, mwenye alikuwa kwenye kiti chini ya mwavuli. Mi nilikuwa karibu, nyuma ya kamba, nikasikia.

"Afande, ekipe yetu haijakamilika."

"Ninaona kumi na mumoja."

"Kuna mumoja mwenye balishusha bariereni. Akirudi, tutacheza."

"Munaogopa kucheza bila yeye," kamanda akasema, na batu bake bakacheka.

"Ndiyo, afande. Tunaogopa."

Kamanda akageukia kapiteni wa Beni, amuambie atie mupira tu mu bu tupu, goli bila golikipa, mambo iishe. Yule kapiteni wa Beni, sijui hata leo nani alimupa moyo, akakuna kichwa. "Afande, hawa ni bandugu. Nikibapiga vile, mama yangu hatanipa chakula." Na akaenda akaikaa pia, na ekipe yake ikaikaa nyuma yake. Kiwanja kizima kikaikaa. Mama mumoja wa Beni akasema kwa nguvu, "Mutoto wa batu arudishwe," na bamama wengine bakaanza kurudilia maneno yake.

Kamanda alikuja kuona mupira, na mupira ulikuwa umelala pale katikati, hakuna mwenye anaugusa. Akaita mutu wa pikipiki.

Kipese akarudi muzima. "Balinipa chai," akatuambia akipita. "Bakaniuliza namna ninatia mabao. Nimebadanganya mpaka nikajisikia haya."

Mais kamanda akainua kidole. "Amerudi. Sikusema atacheza. Ataikaa hapa karibu yangu."

Kapiteni akamuangalia entrenere, entrenere akaangalia chini asicheke. "Hakuna shida, afande," kapiteni akasema.

Donc bakacheza, na Kipese akaikaa kwenye majani karibu na kiti cha kamanda, musoda nyuma yake. Kamango akatia bao la kwanza na kichwa, mufupi vile. La pili alipita batu batatu, akamuacha golikipa wao amelala. Batu ba Beni wenyewe bakapiga makofi.

"Yule kadogo ni nani?" kamanda akauliza.

Kipese akataja jina.

Kamanda akamugeukia. "Hilo ni jina lako."

"Ni letu wote wawili, afande. Kuna wengine pia, yule wa nyuma, na yule wa kando."

"Na wewe unacheza wapi?"

"Golikipa wa tatu. Sijawahi kucheza."

Nilifunga macho. Nikasema Allah, hapa njo mwisho. Nilipoyafungua kamanda alikuwa anaangalia kiwanja, si Kipese.

"Na hawa wote balikataa kucheza kwa ajili ya golikipa wa tatu?"

"Ndiyo, afande."

Filimbi ya mwisho ilipolia, bakamuletea kombe abape bashindi. Kapiteni wetu alikuwa anakuja na mikono tayari. Kamanda akalichukua, akazunguka, akaliweka katika mikono ya Kipese, kwa nguvu kidogo, kama mutu anamaliza deni asilolipenda. Akaingia gari yake.

Kipese akabaki amesimama. Kamango akakimbia toka mbali na viatu vyake vya plastiki, akamuinua, akashindwa, juu yule alikuwa muzito, bakaanguka wote wawili, na kombe chini yao. Liko na alama mpaka leo, upande wa kushoto. Bageni bakiuliza, pale bureau banasema lilipigwa na kamio.