Mpishi Aliyekwepa Mdalasini

Siku yangu ya kwanza jikoni, kwenye hosteli moja ya Dodoma mjini, Mpishi Mkuu alinipa kijiko kabla ya aproni. "Binti, hapa sufuria haitoki mpaka mpishi aionje mbele yangu. Ukishindwa, rudi kwenu Haneti." Nikaonja pilau. Ulimi ukawasha, midomo ikavimba. Nikasingizia moto wa pilau.

Baada ya wiki chache nilishamjua adui: mdalasini, yale magome matamu ya pilau na chai. Nyumbani tulikula ugali na mlenda, mdalasini sikuwahi kukutana nao. Nilinyamaza. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Nikajifunza kuchovya kijiko, kugeuka, na kukifuta kwenye leso bila kukilamba. Chumvi nilipima kwa kiganja na kumwomba Mungu.

Nikahamia Kongwa, shule ya bweni, nikawa mpishi mkuu. Siku ya mahafali Mkuu wa Shule aliingia jikoni na wageni wawili. "Mama Neema, hebu onja tuone." Wote macho kwangu. Hapakuwa na pa kugeukia, nikameza. Koo likabana, pumzi ikawa inapita kwa shida, nikaanguka kando ya jiko. Issa, mpishi mwenzangu wa Kondoa, alinibeba hadi kwenye gari. Nilichowaza ni nani atamlea Neema wangu.

Daktari alisema, "Si kurogwa, mama. Mwili wako unaukataa mdalasini. Usiuguse, soma kila pakiti ya viungo vilivyochanganywa, na uwaambie watu." Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha.

Nilirudi nikisubiri barua ya kufukuzwa. Mkuu wa Shule alisema tu, "Issa ataonja, wewe simamia." Asubuhi yake, mstarini, akawaeleza wanafunzi kilichonipata.

Mchana binti wa kidato cha pili akaja dirishani. "Shikamoo mama. Hata mimi chai ya viungo inanivimbisha midomo."

Nilimfahamu. Aliwahi kuikataa, nami nikamwambia mbele ya wenzake, "Kunywa, usideke." Mimi huyo huyo wa leso.

Sasa nimestaafu. Vijana wa upishi huja kuniuliza siri ya pilau, nami huwaambia waanze kwa kuuliza nani hali nini. Wanadhani ni busara za uzee. Siwaambii kwamba ile chai yule binti aliinywa, nami nilisimama pale mpaka akaimaliza.