Koti Jepesi la Safari ya Maparoni

Masika ya mwaka jana nilirudi kutoka delta ya Rufiji na samaki wachache na homa ya mapafu. Samaki waliliwa siku ileile, homa ilikaa. Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali hapa Morogoro akininywesha uji kwa kijiko, na nilipopona hakuligusia jambo lile hata mara moja. Alisubiri mpaka mvua za mwaka huu zilipoanza, akaniona nazunguka uani nikitazama mawingu.

"Najua unakotaka kwenda," aliniambia. "Nenda. Lakini ukirudi na kikohozi, Baba Neema, hiyo ndiyo safari ya mwisho. Sitaki kusikia tena habari za Maparoni."

Mama Neema si mtu wa vitisho. Akisema jambo, limekwisha. Nami nimehama miji mingi nikifunga sola kwenye mapaa ya watu, lakini sijapata mahali panaponituliza kama vile vijito vya mikoko. Nilizaliwa Mchukwi na nikakulia Kibiti, ambako baba yangu, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa mwalimu. Tulihama nilipomaliza kidato cha nne, na tangu hapo kila mvua zikianza miguu huanza kuniwasha. Kukatazwa Maparoni kungekuwa kama kuambiwa nisahau nilikotoka. Kwa hiyo safari hii ilikuwa na kazi moja kabla ya samaki: kupata koti la mvua la kunirudisha nyumbani mzima.

Morogoro, asubuhi. Koti nililokuwa nalo ni lile la mpira la waendesha bodaboda, zito, linalofika magotini. Nilijaribu kulikunja begini likajaza nafasi yote. Nguo na mishipi ya kuvulia vikabaki nje, na harufu yake ikaingia hata kwenye mkate wa safari. Mama Neema akalivuta, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Si ndilo ulilovaa mwaka jana hili? Lilikusaidia nini?"

Nikaondoka na begi la mgongoni tu, nikimwahidi kwamba koti nitalitafuta Kibiti.

Kibiti, alasiri. Kila nikishuka Kibiti huwa napita kwanza kuiangalia nyumba tuliyopanga zamani. Sasa ni duka la vipuri vya pikipiki, na pale palipokuwa jiko la mama yangu pamepangwa matairi. Nilisimama kidogo, muuzaji akaniuliza kama nataka tairi la mbele au la nyuma, nikamshukuru nikaendelea kuelekea kwenye mitumba.

Mwuza makoti alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, wenzake wakimwita Mama Tatu. Alinipima kwa macho kabla sijafungua kinywa.

"Kaka, koti la mvua la nini? La pikipiki, la shamba, au la kumpendezea mtu?"

"La kuvulia samaki."

"Basi unataka mawili. Moja lako, moja la samaki, maana nao wamelowa."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Alinitolea la kwanza, la nailoni nyembamba kama ganda la kitunguu, la kuvaa kwa kutumbukiza kichwa. Lilikuwa jepesi kweli, lakini nililivuta kidogo tu begani likachanika. La pili lilikuwa zuri, nene, lina kitambaa laini kwa ndani. Nikalikataa pia. Kitambaa kile kikilowa huko delta hakikauki mpaka Idi, na lenyewe halikunjiki.

La tatu lilikuwa jembamba, rangi ya chungwa iliyoiva, na lilikuwa na jambo lililonivutia: linakunjwa likaingia lote ndani ya mfuko wake lenyewe, zipu ikafungwa, likabaki donge la kadiri ya mkate wa boflo. Nikaligeuza ndani nje. Kila mshono ulikuwa umefunikwa kwa utepe uliogandishwa vizuri. Nikaweka mdomo kwenye kitambaa nikapuliza kwa nguvu, pumzi haikupita. Mikononi lilikuwa na mpira wa kubana, na kofia yake ilikuwa na kamba na ukingo wa mbele wa kuzuia maji yasiingie machoni. Mwisho nikalishika kama bakuli nikamwomba Mama Tatu maji.

"Ya kunywa hayo, kaka."

"Nitayarudisha."

Maji yakakaa juu ya kitambaa kwa matone ya mviringo, hayakupenya. Nikayarudisha kweli kwenye kikombe, akayatazama, akayamwaga. Kulikuwa na lingine la kijani la aina hiyohiyo, nalo nililipenda zaidi kwa rangi, lakini utepe wa begani ulikuwa umebanduka na maji yakachuruzika.

"Chukua la chungwa," alisema Mama Tatu. "Mtu akipotea kwenye mikoko na koti la kijani, tutamtafutia wapi?"

Nyamisati, siku iliyofuata. Kutoka Kibiti nilirudi kwa basi hadi Bungu, nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, na kutoka pale boti ya mashine ikatuchukua kuelekea Maparoni. Mvua ilitukuta njiani, nyepesi, ya kuja na kuondoka. Nilikuwa nimekaa tu, koti nimelifunga hadi kidevuni, na shati langu lilifika kavu kabisa. Niliwaza kwamba kazi imekwisha. Mama Neema ameshashindwa.

Maparoni, jioni. Mwenyeji wangu ni Shaweji, tuliyesoma naye darasa moja Kibiti. Yeye alirudi kwao kuvua na kulima mpunga, mimi nikatokomea na dunia. Watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na nyumba ya Shaweji haijapata kulisahau hilo. Mke wake, Bi Somoe, alitoka jikoni, akalitazama koti kabla ya kunitazama mimi, akalishika upindo akalisugua kwa vidole.

"Karibu mtani. Na hili nalo karibu. Limekuja lenyewe kwa mwenyewe."

"Shemeji, koti hili lina amri kutoka Morogoro."

"Amri za Morogoro zinaishia Morogoro."

Tulikula wali na kamba wa nazi, tukazungumza juu ya watu tuliosoma nao.

Kijitoni, asubuhi. Uvuvi wa kule ninaoupenda ni wa kuziba kijito. Maji yakiwa yamejaa, wavu unatandazwa mlangoni pa kijito kutoka ukingo hadi ukingo, kisha watu wanangoja. Maji yakipwa, samaki waliokuwa wameingia mikokoni kula wanarudi na kukuta njia imefungwa. Hapo ndipo mnashuka kwenye tope kuvuta wavu na kukusanya.

Tulipokuwa tunangoja, kila mmoja na mshipi wake mtumbwini, mvua ikashuka. Nikavuta kofia. Shaweji yeye akavua shati, akalikunja, akaliweka ndani ya ndoo ya plastiki, akabana mfuniko, akaketi kifua wazi huku maji yakimtiririka mgongoni.

"Unavua shati mvua ikinyesha?" nilimwuliza.

"Miye ngozi yangu inakauka yenyewe. Shati likilowa, nani atanikaushia huku?"

Nilimwona kama mtu wa kale. Mimi nilikuwa mkavu ndani ya koti langu, nikivua samaki aina ya hongwe mmoja baada ya mwingine, na mvua ikipiga kofiani kama mtu anayebisha hodi.

Maji yalipopwa tukashuka. Tope lilitufika mapajani. Kuvuta wavu ule uliojaa majani na samaki ni kazi ya mgongo na mabega, na koti nilikuwa nimelifunga mpaka juu, amri ya Morogoro ikiwa kichwani. Tulipomaliza mvua ilikuwa imekatika. Nikafungua zipu, nikakuta fulana imenigandia mwilini. Maji yalikuwa yakichuruzika ndani ya koti.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Mama Tatu ameniuzia kitu kibovu. Nikaligeuza, nikakagua mishono yote. Ilikuwa mizima. Tena maji yale yalikuwa ya vuguvugu. Ndipo nikaelewa: pumzi isiyoingia ndiyo pumzi isiyotoka. Lilikuwa jasho langu mwenyewe. Na lile la mpira la mwaka jana, zito vile, lilinifanya nini?

Upepo ukaja kutoka upande wa bahari, nikaanza kutetemeka. Shaweji alikuwa ameshajipangusa, amevaa shati kavu.

"Umejichemsha kama kiazi, mtani. Na maganda juu."

Sikucheka. Jioni ile nilikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kooni, nikaliona lile benchi la hospitali na Mama Neema juu yake. Bi Somoe alinipa chai ya tangawizi inayochoma.

"Kunywa. Ukitufia hapa, sisi watani ndio wa kugawana vitu vyako. Miye nimeshachagua changu."

"Kwa hiyo unaniombea nini, shemeji?"

"Upone. Lakini polepole."

Kijitoni tena. Kesho yake kikohozi hakikuzidi, na maji yalikuwa yanajaa vizuri. Nilisitasita. Kisha nikavua shati na fulana, nikalikunja koti ndani ya mfuko wake, nikaviweka vyote ndooni pamoja na nguo za Shaweji. Vilienea. Shaweji akabana mfuniko kwa goti. Lile koti la Morogoro lingehitaji ndoo yake peke yake, na pengine mtumbwi wake.

Mvua ilipokuja ilinipiga mgongoni nikaruka.

"Baridi eeh?" Shaweji alinidhihaki. "Mwite Mama Neema!"

Lakini tulipoanza kuvuta wavu mwili ukapata moto, na mvua ikawa inaniburudisha tu. Tulitoa mikizi wengi, na kambare mmoja aliyetusumbua mpaka Shaweji akamwita kwa jina la mwalimu wetu wa hesabu. Kazi ilipokwisha tukajisuuza tope, tukajipangusa kwa kanga kuukuu. Upepo uleule wa jana ukaja. Nikavaa shati kavu, na juu yake koti. Mara joto likaja, kuanzia kifuani hadi mikononi, kama nimeketi karibu na jiko. Upepo ulipiga kitambaa haukupita.

Shaweji akaliegesha pondo lake la kusukumia mtumbwi.

"Hebu fungua upande mmoja," alisema, "na miye niingie."

Siku zilizobaki nilivua hivyo, na kikohozi hakikurudi.

Gatini Maparoni, asubuhi ya kuondoka. Koti nilikuwa nimelianika tangu alfajiri, nikaenda kuaga majirani. Niliporudi kamba ilikuwa tupu. Nikalikuta gatini. Bi Somoe alikuwa amelivaa juu ya kanga, kofia kichwani, mpira umembana mikononi, tayari kwenda kulinda mpunga na ndege juu ya dungu lao, kile kichanja cha shambani.

"Mtani, limenikaa?"

Watu waliokuwa wakipakia mizigo wakaangua kicheko. Anayeujua utani wa kule anajua kwamba pale sikuwa na la kusema. Mtani akichukua, amechukua. Ukinuna, unachekwa mpaka Nyamisati na unakumbushwa ukirudi. Lakini upande wa bahari wingu lilikuwa jeusi, na safari ya boti ni ya kukaa kwenye upepo. Nilifikiria kumwomba anipe mpaka Nyamisati tu, halafu nimrudishie kwa boti. Nikatazama huku na huku, nikaiona ndoo ya mfuniko miguuni pa Shaweji. Nikaikwapua.

"Na mimi nimeipenda hii."

"Ndoo ya mume wangu hiyo!" alipiga kelele Bi Somoe.

"Ndiyo maana nimeipenda."

"Jamani!" Shaweji alisema. "Mnataniana nyinyi, anayeibiwa miye!"

Boti iliondoka huku bado akilalamika, na rangi ya chungwa ikapotea taratibu kwenye njia ya mashamba.

Majini. Mvua haikutuonea huruma. Abiria wengine walijibana chini ya turubai. Mimi nilikuwa nimeshafungia ndooni shati, fulana na suruali ya kubadili, nikakaa na bukta na ile kanga kuukuu niliyoikuta ndooni, nimeitupia mabegani, nimelowa kama samaki. Mama mmoja mwenye kikapu aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia akili iko ndani ya ndoo.

Nyamisati, chini ya paa la mwuza chai, nikajikausha, nikavaa nguo kavu zenye joto, nikanywa chai ya moto kabla ya kupanda bodaboda. Mwaka jana safari hii niliifanya ndani ya nguo zenye majimaji, koti zito juu, upepo wa pikipiki ukinikausha mwilini njia nzima. Nilikuwa nasema mvua ya Rufiji ndiyo iliyoniangusha.

Morogoro, kesho yake jioni. Mama Neema alinipokea begi, akaniangalia kuanzia kichwani.

"Koti ulilonunua liko wapi?"

"Limechukuliwa na mtani."

"Umerudi bila koti? Kutoka delta? Masika haya?"

Nikamweleza yote, kuanzia ile pumzi niliyopuliza kwenye kitambaa mpaka jasho lililonichuruzika. Nikamwambia kwamba nitanunua lingine kama lile, lenye utepe kwenye mishono, la kukunjika likawa dogo, kwa sababu la kukunjika ndilo linaloweza kukaa kavu likakusubiri umalize kazi. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimekosea saa ya kulivaa, wala si koti peke yake. Mama Neema akalitua begi. Kisha akanigeuza, akaweka sikio mgongoni mwangu.

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena. Kwa nguvu."

Nikavuta tena. Alikaa hivyo kwa muda, shavu lake limeegemea shati langu. Akainuka, akaichukua ile ndoo, akabana na kubandua mfuniko wake mara kadhaa, akaenda nayo bombani. Niliporudi kutoka kuoga niliikuta jikoni, imesafishwa, imejaa unga wa sembe.

"Hii haitoki tena humu ndani," alisema. "Masika ya mwakani yakija, utafute nyingine."